Mwanamke wa Redioni

Kyuso, 26 Januari 2025

Dada yangu Kavindu,

Pokea salamu za mke wa mtu! Nimeandika maneno hayo nikacheka peke yangu hadi mama mkwe akachungulia mlangoni kuona kama nina wageni. Sisi hatujambo. Mwaitu, mama yetu, alinipigia Jumapili kutoka Kikima, anasema mgongo wa baba umetulia na maparachichi yameanza kuanguka. Nanyi hapo Makindu mko salama? Shemeji Muindi amerudi kutoka safarini?

Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua wakati sote tuna simu. Dada, hapa mtandao unashika juu ya jiwe moja tu, nyuma ya kanisa, na pale juu kila mtu anasikia. Wanakwaya wakinisikia nikimsifu mume wangu watanitungia wimbo. Rashid, yule mnunuzi wa ndengu kutoka Mwingi, anasema lori lake hulala Makindu likienda Mombasa, na chakula anakula kwenye kibanda chako. Basi yeye ndiye posta wetu. Ameapa hafungui.

Sasa nikueleze. Gedion ni mtamu, Kavindu! Sijui niseme vipi mtu mwenye heshima aweze kusoma. Akicheka, shavu moja tu ndilo linaloingia ndani, la kushoto, na mimi hukaa upande huo makusudi. Asubuhi ananiachia nusu ya chai yake akidai imemshinda, na najua haijamshinda. Wiki tano zimepita tangu wazee wa kwao wapande Kikima na mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaomfanya msichana kuwa mke kwa desturi yetu, na bado nikifumba macho nawasikia wale mbuzi wakilia mlangoni kwa baba. Siku hiyo nilikutafuta ili tupige picha, nikaambiwa uko jikoni. Siku nzima uko jikoni! Ulinichosha.

Kazi yake sasa. Uliniuliza siku ya harusi sikupata nafasi ya kujibu. Wanatafuta mafuta na gesi, lakini hawachimbi, wanasikiliza. Wamefyeka njia nyembamba iliyonyooka katikati ya miiba, kilomita na kilomita, na juu yake wamepanda vifaa vidogo vyenye ncha ya chuma, vimeunganishwa kwa waya. Watu wa hapa wanaviita masikio. Halafu malori mazito yanakuja yanatikisa ardhi, mtikisiko unashuka hadi kwenye miamba na kurudi, na masikio yanausikia. Gedion analinda masikio ya sehemu yake. Wakati wa kurekodi hakuna kusogea, yeye wala punda wala mbuzi. Anakaa kimya hata kwa muda wa saa tatu. Fikiria mwanamume anayeweza kunyamaza saa tatu!

Anasema zamani kidogo, mafuta ya Turkana yalipopatikana, kampuni zilijaa nchini, kila moja na kipande chake kwenye ramani. Kisha bei ikaanguka, visima vingine vikatoka vikavu, zikarudisha vipande vyao moja baada ya nyingine. Sasa vikosi kama chao vinahesabika kwa vidole. Kwa hiyo anaishika kazi hii kwa mikono miwili. Kazi ya hapa ikiisha, watu wanne tu wa hapa ndio watakaochukuliwa kwenda na kikosi kwenye kazi inayofuata, na jina lake ni la nne.

Kuna jambo la kuchekesha. Analala na redio yao ya kuongelea karibu na kitanda. Saa kumi na moja na nusu asubuhi inakoroma, halafu sauti ya mwanamke inasema, "Gedion, Gedion, umeamka? Upepo ukoje huko?" Ni Fahima, mtaalamu anayekaa kwenye gari la kurekodi. Upepo ukiwa mkali hawarekodi. Kwa hiyo mimi, bibi arusi, naamshwa na mwanamke mwingine akiuliza upepo! Gedion anatoka nje na blanketi, anainua kidole, anarudi anamjibu. Nacheka sana.

Niandikie haraka. Msalimie shemeji.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Muthoki


Makindu, 9 Februari 2025

Muthoki wetu,

Barua yako imefika na harufu ya ndengu. Mimi sijambo. Barabara ina malori mengi mwezi huu, kibanda hakikai bure, miguu ndiyo inayolalamika. Muindi yuko safarini kama kawaida, anakusalimu. Mwaitu nilizungumza naye juzi, alikuwa anakusifu tu, nikamwambia simu inaisha chaji.

Nafurahi kwamba unafurahi. Jikoni siku ya ntheo mtu lazima awepo, nyama haijigeuzi yenyewe.

Hiyo kazi ya mumeo naijua kidogo. Usisahau Muindi alikuwa dereva miaka ile mafuta ya Turkana yalipokuwa yakibebwa kwa malori hadi Mombasa. Yalipita hapa hapa mbele ya kibanda changu, nami nikiyapungia mkono kama mjinga. Kazi ya mafuta haikai mahali pamoja, Muthoki. Leo kambi iko hapa, kesho mahema yamekunjwa. Na mwanamume anayeifuata huizoea kambi kuliko nyumba.

Sasa huyo Fahima. Umeniandikia nusu ukurasa juu yake ukidai unacheka. Sawa. Lakini nikuulize kama dada. Kwenye hiyo njia ya kilomita na kilomita walinzi ni wangapi? Wote huulizwa upepo? Au upepo unavuma kwa Gedion peke yake? Ana umri gani? Ameolewa?

Sisemi kitu. Nauliza tu. Wewe umekuwa mke kwa wiki saba, mimi naitwa mke wa Muindi mwaka wa tisa sasa.

Kula vizuri. Jua la Kyuso si la Kikima.

Kavindu


Kyuso, 20 Februari 2025

Dada Kavindu,

Natumaini miguu imepoa. Jaribu kuiloweka kwenye maji ya chumvi. Huku tumemaliza kupura ndengu, na mama mkwe anasema sijawahi kushika rungu la kupuria maisha yangu, jambo ambalo ni kweli. Gedion alinishika mikono kutoka nyuma akanionyesha namna ya kupiga, mbele ya majirani! Nilitamani ardhi ipasuke, na nilitamani isipasuke.

Lakini sitaki kukudanganya. Tangu nisome barua yako sijacheka tena saa kumi na moja na nusu.

Nilimuuliza Gedion, kama mchezo. Nilisema, "Baba, walinzi wako wangapi kwenye njia?" Akasema kumi na wanane. "Na wote wanaulizwa upepo?" Akasema, "Mimi tu. Sehemu yangu iko juu ya kilima, upepo unaanza hapo." Jibu zuri. Jibu zuri mno. Nikauliza, "Huyo Fahima ni mtu mzima?" Akafikiria, Kavindu. Mwanamume akifikiria kabla ya kujibu swali kama hilo! Akasema, "Ana miaka ishirini na tisa. Ni mtu wa Mwingi, baba yake ana duka la vitambaa." Sikuuliza habari za duka.

Halafu akaendelea mwenyewe bila kusukumwa. Kwamba Fahima amesoma mambo ya miamba chuo kikuu. Kwamba anakaa mbele ya kioo na kila kitu kinachogusa ardhi anakiona kama mstari unaoruka. Kwamba anajua mbuzi akijikuna mtini. Macho yalimng'aa. Nilimwambia chakula kinapoa.

Jumamosi nilimwona. Alipita sokoni Kyuso na gari la kambi, amevaa buti na kilemba cha rangi ya maji ya machungwa. Ni mrefu. Shingo yake, dada, ni kama ya mtu aliyechorwa. Alinunua nyanya, akamwambia muuzaji, "Mama, niongeze moja ya safari," akaongezewa mbili. Mimi mwezi mzima sijaongezewa hata moja.

Sasa kila asubuhi redio ikikoroma najifanya nimelala na kuhesabu maneno yao. Jana yalikuwa hamsini na mawili. Upepo gani unahitaji maneno hamsini na mawili? Na wakati mmoja Gedion alicheka, lile shavu la kushoto likaingia. Nilikuwa nalitazama.

Nifanye nini? Wewe unayajua haya. Shemeji Muindi naye husafiri kila wakati na wewe hujawahi kuonekana na wasiwasi. Nifundishe.

Muthoki wako


Makindu, 2 Machi 2025

Muthoki,

Hatujambo. Mvua imenyesha siku moja ikakata. Muindi anakusalimu.

Umeuliza ufanyeje, nami nakujibu wazi. Usimuulize tena. Mwanamume akiulizwa hujifunza kujibu. Nenda ukaone kwa macho yako.

Na uende siku ya kurekodi. Umeniambia mwenyewe kwamba siku hiyo kila mtu hukatazwa kusogea. Basi hakuna atakayekimbia kujificha, utamkuta mtu pale alipo na aliye naye. Huyo msichana akiwa kwenye gari lake na mumeo kwenye kilima chake, utarudi nyumbani upike na usilie tena. Akiwa kilimani, utakuwa umejua mapema, bado u kijana, bado huna mtoto.

Mimi sikuwahi kuwa na dada mkubwa wa kuniambia hivi.

Kavindu


Kyuso, 16 Machi 2025

Dada,

Salamu kutoka kwa mtu asiye na amani. Mama mkwe hajambo, kuku hawajambo, wote hawajambo isipokuwa mimi.

Nilikwenda.

Ilikuwa Jumanne. Tangu Jumatatu mtu wa kambi alipita na kipaza sauti akiomba watu wafunge punda, wasitwange mahindi, wasipasue kuni, kuanzia saa tatu hadi saa saba. Hata shuleni watoto waliambiwa wasicheze mpira. Ilikuwa siku ya mwisho ya kurekodi upande wetu, malori yangehamia ng'ambo ya mto mkavu jioni hiyo hiyo. Nilimwambia mama mkwe naenda kuchuma kunde. Nilipofika kwenye njia nikavua viatu, nikaviacha chini ya mgunga, nikasema miguu mitupu haina sauti.

Kavindu, kijiji kizima kilikuwa kimya kama siku ya mazishi. Nilipita kando ya waya, masikio yamesimama kwa safu kama miche kitaluni. Mara tatu niliogopa nikasimama. Malori niliyasikia kwa mbali, si kwa masikio, kwa nyayo, ardhi ilikuwa inakoroma. Nikafika chini ya kilima, nikajificha nyuma ya kichaka cha miiba, nikachungulia.

Alikuwa peke yake.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na mapajani amepakata mtoto wa mbuzi aliyepotea njia. Mkono mmoja amemshika mdomo asilie, mwingine anamkuna katikati ya masikio, na anamwambia maneno bila sauti, midomo tu inacheza. Nadhani alikuwa anamwomba msamaha. Nilisimama pale nikimtazama hadi miba ikanichoma bega. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha! Nikarudi nikiruka, nikapika kunde kwa karanga, nikavaa lile gauni la maua.

Saa tisa akarudi. Hakulitazama gauni. Alikaa mlangoni akavua buti moja, akaiacha nyingine mguuni.

Akasema, "Sehemu yangu imeharibika."

"Imeharibikaje?"

"Kuna kitu kilitembea. Fahima amekiona. Kilikuja, kikasimama, kikarudi."

Nikasema, "Labda ni paa." Hivyo ndivyo nilivyosema, dada. Labda ni paa.

Akasema, "Kazi yangu ni moja tu, Muthoki. Kuona paa."

Malori yalikuwa yameshaondoka, hayawezi kurudishwa kwa ajili ya kilima kimoja. Kwenye ramani yao mahali petu patabaki na pengo. Msimamizi wa kikosi amelifuta jina lake. Kati ya walinzi kumi na wanane, wanne walikuwa wanachukuliwa, sasa ni watatu. Atamalizia kukunja waya kisha basi.

Asubuhi redio haikukoroma. Nimeinyamazisha mwenyewe kwa miguu yangu.

Nimwambie? Nijibu kwa lori hili hili likirudi.

Muthoki


Makindu, 27 Machi 2025

Muthoki,

Usimwambie.

Ulitaka nini? Ulitaka huyo mwanamke anyamaze, amenyamaza. Ulitaka mume akae nyumbani, anakaa. Wengine wangetoa mkono wao wa kulia kupata ulichokipata kwa kuvua viatu. Atalima ndengu, atakuzoea, baada ya mwaka atasahau.

Ukimwambia atakuwa na kitu cha kukulaumia maisha yake yote. Nyamaza.

Muindi anakusalimu. Kibanda kimejaa watu, siwezi kuendelea.

Kavindu


Kyuso, 5 Aprili 2025

Dada Kavindu,

Natumaini unaendelea vizuri. Huku tumepanda, lakini mawingu yanapita tu.

Nimenyamaza kama ulivyosema. Ni siku ya ishirini na tano. Nikueleze kunyamaza kunafananaje? Gedion anaamka saa kumi na moja na nusu bila kuitwa, anatoka nje, anainua kidole, anarudi kitandani. Juzi aliniuliza, "Unaonaje, niliwahi kusinzia nikila, au nikiomba?" Nikasema sijaona. Akasema, "Basi siku ile nilisinzia. Hakuna njia nyingine. Mnyama apite hatua kumi kutoka kwangu nisimwone?" Kavindu, ameanza kujishuku mwenyewe. Anamwambia mama yake huenda ana ugonjwa wa kichwa. Mama yake anamchemshia mizizi, naye anainywa, na mimi ndiye ninayempelekea kikombe.

Bado nampenda, dada. Ananiachia bado ile nusu ya chai. Siwezi kuimeza.

Kuna jambo la pili. Rashid alipokuja kuchukua gunia la mwisho nilimwambia, "Nisalimie shemeji Muindi ukifika." Akanitazama. Akasema, "Muindi yupi?" Nikasema, mume wa dada yangu, dereva. Akasema, "Dada yako mimi nakula kwake mwaka wa nne. Sijaona mwanamume pale, labda wateja." Halafu akajua amesema kupita kiasi, akaanza kukagua magurudumu ambayo hayakuwa na kasoro.

Kila barua umeniambia Muindi ananisalimu. Ananisalimu kutoka wapi?

Muthoki


Makindu, 29 Aprili 2025

Muthoki, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yetu,

Barua yako imekaa kwangu karibu wiki tatu. Rashid amepita mara mbili nikamwambia sijamaliza kuandika. Nilikuwa sijaanza.

Muindi aliondoka Februari 2020. Malori ya mafuta yalisimamishwa mwaka huo, madereva wenzake wakarudi mmoja mmoja, nikiwapikia na kuwauliza. Wa kwanza aliniambia gari la Muindi limeharibika. Wa pili akasema Muindi anamalizia hesabu za kampuni. Wa tatu alikuwa mtu wa kanisa, akaacha kula, akaniambia kuna nyumba Lodwar na mtoto ndani yake. Sasa nasikia ni wawili.

Nyumbani sijasema. Mwaitu anajua mkwewe ni mtu wa safari. Na ningemwambia nini? Muindi hakupeleka hata mbuzi mmoja wa ntheo. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Kwa desturi yetu mimi sikuachwa na mume, kwa sababu sikuwa na mume. Nilikuwa msichana aliyekaa kwa mtu miaka minne. Nimebaki na jina lake kwa kuwa wateja wamelizoea.

Siku yako ya ntheo nilisimama kwenye moshi nikigeuza nyama ya beberu wako. Nikasikia wazee wanacheka, baba anaitwa, wewe unaitwa. Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa na hakuna mbuzi aliyewahi kulia mlangoni kwa baba kwa ajili yangu. Nilikuwa na mwiko mkononi nikafikiri, angalau atachoka naye haraka. Ndivyo nilivyofikiri juu yako, ukiwa umevaa leso mpya.

Halafu barua zako. Shavu. Nusu ya chai. Mikono kutoka nyuma. Nilizisoma mara nyingi kuliko ulivyozisoma wewe ukiziandika, kila mara nikitafuta mahali zilipopasuka. Ulipomtaja huyo msichana wa redioni nilifurahi, Muthoki. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikafurahi.

Nilipokuambia uende sikujua mitambo ingekusikia. Hilo Mungu ananishuhudia. Lakini nilijua ninachotaka. Nilitaka umkute na mtu. Nilitaka tuwe wawili.

Sasa usifuate neno langu hata moja. Mwambie mumeo au usimwambie, lakini usifanye kwa ajili ya yale niliyokuandikia.

Sikuombi unijibu.

Kavindu


Kyuso, 21 Mei 2025

Kavindu,

Salamu. Baba hajambo, Mwaitu hajambo. Ninajua kwa sababu nimezungumza nao mwenyewe, juu ya jiwe.

Barua yako ilifika tarehe sita. Kwanza nilitaka kuichoma. Halafu nikaifunga kwenye leso yangu ya ntheo, halafu nikaona si mahali pake, nikaitoa. Mwisho nimeiweka ndani ya Biblia, na sijui kama hapo ndipo.

Sasa sikia yaliyotokea, kwa kuwa hakuna mwingine ninayeweza kumweleza, na hilo pia linaniudhi.

Nilimwambia Gedion siku hiyo hiyo. Alikuwa ananoa panga. Nilisema, "Hukusinzia. Ni mimi." Nikaeleza yote, kichaka, mbuzi, hata kuhesabu maneno hamsini na mawili. Hakupiga kelele. Akauliza, "Ulivua viatu?" Nikasema nilivua. Akasema, "Ungevaa ningekusikia, ningekuzuia." Akaenda kwa mama yake, akala huko siku mbili. Siku ya tatu akarudi, akamwaga ile mizizi nyuma ya nyumba, akasema, "Sina ugonjwa wa kichwa," na akalia. Sijawahi kuona kitu kizuri na kibaya namna ile kwa pamoja.

Kambi ilikuwa inavunjwa. Nilikwenda mwenyewe, nimevaa viatu. Nilimkuta Fahima akihesabu waya kwenye mabegi. Nilitaka awe na kasoro yoyote karibu nami, chunusi hata moja. Hana. Nikasema, "Mimi ni mke wa Gedion. Ule mnyama wa kilimani ni mimi."

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Hatimaye." Akafungua kompyuta akanionyesha. Kavindu, nimejiona nikitembea! Mistari midogo, midogo, midogo, inaruka halafu inatulia, inaruka tena. Akasema, "Nilijua ni mwanamke. Hatua fupi, hazina soli. Zimesimama karibu na Gedion dakika nne. Hakuna paa anayesimama dakika nne kumtazama mwanamume."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuwa na jina, na msimamizi hataki hadithi, anataka jina. "Ulikuwa unatafuta nini kule?"

Nikasema, "Wewe."

Alicheka hadi kilemba kikalegea. Kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Akasema, "Mwenzangu, kila asubuhi namuuliza upepo, ananijibu Muthoki ameamka vibaya, Muthoki ameota nyoka, Muthoki hajui kupura ndengu. Mimi nimekujua kabla hujanijua."

Unafikiri nilifarijika? Nilishikwa na wivu upya! Wivu wa aina nyingine kabisa. Kumbe huyu mwanamke anajua ndoto zangu. Nilimwambia asante huku nikitamani kumng'oa kilemba.

Alimwandikia msimamizi barua mbele yangu. Mtu wa nne walikuwa hawajampata, basi jina la Gedion likarudishwa. Kazi inayofuata iko upande wa Wajir, miezi saba, huenda minane, na Gedion anasema baada ya hiyo hakuna ajuaye kama kutakuwa na nyingine popote nchini. Alipopata habari hakuruka. Alikuja akasimama karibu nami, akauliza polepole, "Nikae?"

Kavindu, ningesema kaa, angekaa. Neno moja lilikuwa limekaa hapa kwenye ulimi. Nikaona ile mizizi aliyoinywa kwa ajili yangu siku zote zile. Nikasema nenda. Halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia kwa sauti kubwa, masikio yao yalikuwa yameshang'olewa, hakuna aliyenirekodi.

Ameondoka jana na gari la kambi. Fahima alikuwa mbele, yeye nyuma juu ya mabegi. Sijapona wivu, usifikiri. Nimejua tu kwamba ni wangu, na kwamba si Gedion wa kuubeba.

Sasa wewe. Kulia kwa miaka mitano kwenye kibanda na kunipikia uongo, na mimi nakuomba unifundishe! Ulitaka tuwe wawili. Ungeniambia 2020 tungekuwa wawili siku hiyo hiyo, bila ya kuniharibia mtu. Nilikuwa Kidato cha Tatu, ningekuja na sanduku langu la shule. Sijakusamehe. Nimejaribu Jumapili mbili mfululizo, kwaya ikiimba, msamaha haujatoka.

Lakini Mwaitu lazima aambiwe, na hutamwambia kwa simu, na hutapanda Kikima peke yako na uso huo. Barua hii Rashid anaibeba leo, na wiki ijayo anashuka tena Alhamisi. Nimemwambia nitakaa mbele, amekubali, amesema atafunga mdomo njia nzima, jambo ambalo sioni akiliweza. Ijumaa asubuhi nitakuwa hapo. Funga kibanda siku tatu.

Na usinipikie kitu chochote kitamu nikifika. Nina maneno mengi ya kukukaripia, na najua nikionja mchuzi wako nitayasahau yote.

Muthoki